Kompyuta Imegoma Baada ya Kubadilishiwa Prosesa: Dalili, Sababu na Utatuzi

Kompyuta ya mezani iliyokuwa ikifanya kazi vizuri, ikabadilishiwa prosesa na kugoma, mara chache huwa imepewa prosesa mbovu. Prosesa ni miongoni mwa vipuri vinavyodumu kuliko vyote ndani ya kasha. Kinachokwamisha kazi kwa kawaida ni ubao mama usioitambua prosesa mpya, au kitu kilichochomolewa, kulegezwa au kupindwa wakati mikono ilipokuwa ndani. Kwa sababu hiyo kipimo bora ulicho nacho ni prosesa ya zamani, na hupaswi kuiuza wala kumpa mtu mpaka ile mpya iwe imefanya kazi ngumu kwa siku kadhaa. Ukiirudisha ya zamani na mashine ikawaka, umejua kwamba ubao, RAM (kumbukumbu ya muda) na pawa saplai (kisanduku kinachoigawia mashine umeme) ni vizima na kwamba swali limebaki kwenye prosesa mpya na makubaliano yake na ubao. Ukiirudisha na mashine bado imegoma, kuna kitu kiliguswa wakati wa kazi, na hicho ndicho cha kutafutwa.

Kabla ya kugusa chochote

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi ili chaji iliyobaki kwenye ubao iishe. Gusa sehemu ya kasha yenye chuma kitupu kabla ya kushika prosesa au RAM, na usifanye kazi hii juu ya zulia. Badilisha jambo moja tu kila unapojaribu, maana anayebadilisha matatu kwa mpigo hatajua ni lipi lililoiponya mashine.

Onyo: pawa saplai haifunguliwi nyumbani kwa sababu yoyote ile. Kapasita zake hubaki na umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Haiwaki kabisa: hakuna feni, hakuna taa

Anza na yaliyo wazi, yaani swichi iliyo nyuma ya pawa saplai na waya wa ukutani, kwa kuwa swichi hiyo huzimwa kwa usalama kisha ikasahaulika. Baada ya hapo angalia plagi kubwa ya pini 24 kwenye ubao, ambayo inaweza kuonekana imeingia ilhali kibano chake hakijashika. Nyaya nyembamba zinazotoka kwenye kitufe cha kuwashia nazo hung'oka kirahisi mkono unapopita karibu nazo, na mpangilio wake sahihi umeandikwa kwenye ubao wenyewe au kwenye mwongozo wake.

Ikiwa feni zinastuka kwa nusu sekunde kisha zinasimama, tatizo ni la aina nyingine: pawa saplai imegundua mzunguko mfupi wa umeme na kujikinga. Chomoa waya wa ukutani na utafute skrubu iliyoanguka nyuma au chini ya ubao. Usipoiona, chomoa plagi ya volti 12 ya prosesa, ile ya pini 4 au 8 iliyo karibu na soketi (tundu la prosesa), kisha ujaribu kuwasha. Feni zikizunguka bila kukatika plagi hiyo ikiwa nje, hitilafu iko kwenye prosesa, soketi au saketi inayoilisha prosesa umeme. Hapo usiendelee kuwasha na kuzima kwa matumaini. Ondoa prosesa mpya, ikague soketi kama inavyoelezwa chini, na ukiona alama ya kuungua popote, kazi yako imeishia hapo.

Feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote na yenye sababu nyingi zaidi, kwa hiyo ifuate kwa mpangilio badala ya kubahatisha.

Sababu ya kwanza ni plagi ile ile ya volti 12. Huchomolewa ili mkono upate nafasi ya kutoa hitisinki (chuma chenye feni kinachoipooza prosesa), na kwa kuwa iko kwenye kona yenye kiza, husahaulika. Bila plagi hiyo feni zote huzunguka, taa huwaka na diski hunguruma, lakini prosesa haipati umeme wa kuifanya ianze kazi. Usiichanganye na plagi ya kadi ya grafiki yenye pini 6 au 8. Zinafanana kwa mbali ila mpangilio wa nyaya zake ni tofauti, na plagi isiyoingia kwa urahisi hailazimishwi.

Ya pili ni RAM iliyolegea. Kwenye makasha madogo ya ofisini, hitisinki haitoki bila kusukumana na vipande vya RAM. Vitoe vyote, kisha urudishe kimoja tu kwenye nafasi inayotajwa na mwongozo wa ubao, ukisukuma ncha zote mbili mpaka vibano vifunge kwa mlio. Jaribu pia kipande kingine kwenye nafasi hiyo hiyo.

Ya tatu haina uhusiano wowote na ubovu: prosesa mpya haitoi picha. Prosesa za Intel ambazo jina lake huishia kwa F, kama Core i5-9400F, hazina sehemu ya grafiki. Hali ni hiyo hiyo kwa Ryzen za AMD za soketi ya AM4 zisizo na herufi G katika jina, na kwa Xeon E3-1230 v2, ambayo wengi huinunua kama mbadala wa bei nafuu wa Core i7. Kwa prosesa za namna hii, milango ya skrini iliyo kwenye ubao haitatoa chochote hata mashine ikiwa imewaka kikamilifu, na dawa ni kuweka kadi ya grafiki na kuchomeka skrini kwenye kadi hiyo. Kama kadi ilikuwapo tangu awali, hakikisha waya wa skrini haukurudishwa kwenye mlango wa ubao, na kwamba kadi yenyewe haikulegea ulipoisukuma kando.

Ya nne ndiyo yenye mambo mengi, nayo ni BIOS, yaani programu iliyo kwenye chipu ya ubao inayoiwasha mashine, isiyoijua prosesa. Kulingana kwa soketi si ushahidi kwamba ubao utaikubali prosesa. Soketi ya LGA 1155 ilianza mwaka 2011 na prosesa za Sandy Bridge, mfano Core i7-2600, na mwaka uliofuata zikaja za Ivy Bridge, mfano Core i7-3770, ambazo zinaingia kwenye tundu hilo hilo. Bao nyingi zenye chipseti (chipu ya ubao inayoiunganisha prosesa na vipuri vingine) ya H61 au Z68 huikubali i7-3770 baada ya BIOS kusasishwa, lakini chipseti za Q65, Q67 na B65, zilizotumika sana kwenye kompyuta za ofisini za kipindi hicho, hazikupewa uwezo huo. Soketi ya LGA 1151 ina mtego mbaya zaidi, kwa sababu Core i7-8700 inakaa vizuri kabisa kwenye ubao wa chipseti za mfululizo wa 100 na 200, ila haitawaka, kwa kuwa inahitaji chipseti za mfululizo wa 300. Kwenye LGA 775 kuna suala la kasi ya basi linaloiunganisha prosesa na chipseti: Core 2 Duo E8400 inahitaji basi la MHz 1333, na ubao wa zamani unaoishia 1066 hautaiendesha inavyotakiwa, kama utaiwasha. AM4 imekuwa na uvumilivu mkubwa kuliko zote hizi, hata bao nyingi za chipseti ya B350 za mwaka 2017 zikaweza kupokea Ryzen 5 5600, lakini kwa BIOS mpya tu.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa mtengenezaji wa ubao wako, utafute orodha ya prosesa zinazokubaliwa, na usome mstari wa prosesa yako pamoja na toleo la BIOS lililoandikwa kando yake. Linganisha pia namba ya marekebisho ya ubao, ambayo mara nyingi imechapishwa kwenye kona yake, kwa sababu bao mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na orodha tofauti. Prosesa isipokuwa kwenye orodha, maoni ya kutia moyo ya mtu aliyefanikiwa na ubao unaofanana na wako hayatoshi kuwa sababu ya kununua.

Kama inahitajika BIOS mpya zaidi, rudisha prosesa ya zamani, washa mashine, na uisasishe BIOS kabla ya kubadilisha tena. Toleo ulilo nalo linaonekana ndani ya BIOS yenyewe, au kwenye Windows kwa amri ya msinfo32. Pakua faili la ubao wako kamili, liweke kwenye flashi diski iliyofomatiwa kwa FAT32, na usome maelezo yake hadi mwisho. Bao nyingine hutaka toleo la kati liwekwe kwanza, na baadhi ya matoleo mapya ya AM4 yaliondoa prosesa za mwanzo ili kupata nafasi, jambo ambalo linaweza kukunyima njia ya kurudi kwenye prosesa yako ya awali. Baadhi ya bao zina kitufe cha kusasisha BIOS kutoka kwenye flashi diski bila prosesa kuwapo, lakini ni nadra kukikuta kwenye mashine za ofisini.

Onyo: umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, ubao unaweza usiwake tena. Tumia UPS (betri ya dharura ya umeme), na kama huna na umeme wa mahali ulipo si wa kuaminika, ahirisha. Ubao uliokufa kwa namna hii huponywa na fundi mwenye kifaa cha kuandika upya chipu ya BIOS.

Ya tano ni mipangilio ya zamani iliyobaki kwenye kumbukumbu ya BIOS, hasa kama prosesa ya awali iliongezwa kasi. Chomoa umeme, toa betri ya duara ya CR2032 kwa dakika kadhaa au tumia jampa (kipande kidogo cha kuunganisha pini mbili za ubao) iliyotengwa kwa kazi hiyo, kisha ujaribu. Usifanye hivi bila kusoma kwanza sehemu ya Windows hapa chini, maana kufuta mipangilio kuna gharama zake. Na baada ya kufuta, ipe mashine muda, kwani si ajabu ikajiwasha na kujizima mara moja au mbili inapoipima RAM upya.

Ikiwa bado ni giza, kuna kipimo kimoja cha zamani ambacho nakiona bora kuliko dakika nyingi za kukisia. Hakikisha ubao una spika ndogo ya mlio, ondoa RAM yote, kisha washa. Ubao ukilia kulalamikia kukosa RAM, prosesa mpya ni nzima kiasi cha kusoma maagizo ya BIOS, na tatizo lako liko kwenye RAM, kadi ya grafiki au kitu kingine kilicho mbele yake. Ukimya ule ule ukiendelea, ilhali kwa prosesa ya zamani ubao ulilia, basi prosesa mpya haianzi kabisa: ama BIOS haiijui, ama haigusani vizuri na soketi, ama ni mbovu kweli. Bao nyingi za karibuni zina taa ndogo nne zinazoonyesha hatua iliyokwama, yaani prosesa, RAM, grafiki au diski, nazo hufanya kazi hiyo bila kelele.

Pini zilizopinda, na prosesa iliyong'oka pamoja na hitisinki

Kwenye soketi za LGA za Intel pini ziko kwenye ubao, na kwenye AM4 na soketi za AMD zilizoitangulia ziko chini ya prosesa. Tofauti hii huamua ukubwa wa msiba.

Prosesa ya AM4 huweza kung'oka pamoja na hitisinki hata kama mkono wa soketi umefungwa, kwa sababu pesti ya kupitisha joto iliyokauka imevigandamanisha. Kinga yake ni kuiendesha kompyuta kwa dakika kadhaa ili pesti ipate joto, kuizima na kuchomoa umeme, kisha kuizungusha hitisinki polepole kulia na kushoto kabla ya kuivuta juu. Ikishang'oka, itenganishe kwa kuizungusha, wala usiichokonoe kwa bisibisi, kisha utazame safu za pini kutoka pande zote mbili dhidi ya mwanga. Pini iliyoinama hunyooshwa kwa ncha tupu ya kalamu ya risasi ya kubofya, kidogo kidogo, mpaka ilingane na wenzake. Prosesa inapaswa kushuka kwenye soketi kwa uzito wake yenyewe, na ikihitaji kusukumwa kuna pini ambayo bado haijanyooka.

Pini za LGA ni nyembamba mno na zimekunjwa kwa umbo maalumu. Zitazame kwa kamera ya simu iliyovutwa karibu, ukiwa umeshika mwanga pembeni. Zote zinapaswa kung'aa kwa mpangilio mmoja, na iliyopinda huonekana kama doa katika safu. Pini moja iliyoinama kidogo inaweza kurekebishwa na mtu mwenye mkono mtulivu na sindano nyembamba, lakini ushauri wangu ni kwamba zikizidi mbili, au moja ikiwa imekatika, mpelekee fundi anayefanya kazi kwa hadubini. Mara nyingi uharibifu huu hutokea prosesa inapoangushwa kwenye soketi au kuwekwa kwa mwelekeo usio sahihi, ilhali pembetatu ndogo kwenye kona ya prosesa na ile ya soketi zinaonyesha upande, na vijinafasi vya pembeni huizuia prosesa isikae kinyume. Mkono wa kufungia soketi ya LGA unahitaji nguvu na hutoa mlio wa kukwaruza, jambo ambalo ni la kawaida maadamu prosesa ilikuwa imelala bapa kabla ya kuufunga.

Inawaka, kisha inajizima au kujiwasha upya

Muda wa kujizima unasema mengi. Ikijizima ndani ya dakika chache ukiwa bado kwenye BIOS, shuku hitisinki. Ikidumu saa nzima ya kuandika barua kisha ikaanguka unapofungua kazi nzito, shuku umeme.

Kwa upande wa joto, chanzo cha kawaida ni hitisinki isiyogusa prosesa sawasawa. Hitisinki za Intel zenye vibano vinne vya plastiki huonekana zimeshika ilhali kibano kimoja kinaelea. Hakikisha kila kichwa kimegeuzwa kwenye mkao wake wa kufungia, visukume kwa jozi za mshazari, kisha utazame nyuma ya ubao kama ncha zote nne zimepenya na kupanuka. Baada ya hapo angalia kama karatasi ya plastiki iliyoifunika sehemu ya chini ya hitisinki mpya ilibanduliwa. Pesti ya zamani haitumiki mara ya pili: isafishe kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha uweke kiasi cha punje ya mchele au kubwa kidogo katikati. Nyingi mno humwagika kando bila faida, na pungufu huacha mapengo. Mwisho hakikisha feni imechomekwa kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN, kwani bao nyingi hukataa kuendelea zisipoona mzunguko hapo.

Soma joto ndani ya BIOS, au kwa programu ya HWiNFO ukiwa kwenye Windows, au kwa amri ya sensors kwenye Linux. Kwa prosesa iliyopoa vizuri, nyuzi 30 hadi 45 za Selsiasi wakati wa kupumzika na chini ya 80 hivi wakati wa kazi nzito ni hali njema. Kwenye ukurasa wa BIOS joto huwa juu kidogo kuliko la kupumzika, kwa kuwa hapo mbinu za kuokoa umeme kwa kawaida hazijaanza. Namba ikipanda kuelekea 90 na zaidi ndani ya dakika moja, zima mara moja, hitisinki haijagusa.

Kwa upande wa umeme, linganisha wati za prosesa mbili. Core i3-2100 ni ya wati 65 na Core i7-2600 ni ya 95, ongezeko ambalo pawa saplai nzima hulibeba bila shida, lakini iliyochoka kwa miaka mingi ya vumbi huenda isilibebe. AMD FX-8350 inataka wati 125, na kuna bao za bei ya chini za AM3+ zilizotengenezwa kwa prosesa za wati 95 tu, zisizo na hata kipande cha chuma cha kupooza saketi ya kulisha prosesa. Ubao wa namna hiyo utapunguza kasi, utajizima, au utaungua. Tazama kapasita zilizo karibu na soketi: vichwa vilivyovimba au vyenye majimaji ya kahawia vinamaanisha ubao haufai kubebeshwa prosesa kubwa zaidi mpaka vibadilishwe.

Kuganda na skrini ya bluu bila joto la kutisha hutokana zaidi na RAM kuliko prosesa. Endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha ukiwa na kipande kimoja kimoja, na uondoe mpangilio wowote wa kuongeza kasi. Makosa yakifuata kipande, tatizo ni hicho kipande. Yakifuata nafasi, rudi kwenye soketi.

Nusu ya RAM imepotea

Kompyuta inawaka ila RAM ya GB 16 inasomeka 8. Kwanza vitoe vipande na uvirudishe. Kisha, kwenye Windows, fungua msconfig na uhakikishe kikomo cha kumbukumbu hakijawekwa tiki. Kama yote ni sawa, kumbuka kwamba kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa yenyewe, kwa AMD tangu Athlon 64 ya mwaka 2003 na kwa Intel tangu Core i7 za kwanza za mwaka 2008. Kwa hiyo pini moja isiyogusa inaweza kufuta njia nzima ya RAM huku mengine yote yakifanya kazi. Kabla ya kuitafuta pini hiyo, legeza skrubu za hitisinki na uzikaze upya kwa mshazari, mizunguko michache kila upande, kwa sababu hitisinki iliyokazwa upande mmoja huiinua prosesa kidogo upande wa pili na kuleta dalili hii hii. Kwenye LGA 775 kidhibiti kiko kwenye chipseti, hivyo huko tafuta tatizo kwenye nafasi za RAM zenyewe.

Mashine inawaka lakini Windows haifunguki, au inadai ufunguo

Kama ulifuta mipangilio ya BIOS, hali ya diski inaweza kuwa imerudi kutoka AHCI kwenda IDE au RAID, na Windows huanguka kwa skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Irudishe ilivyokuwa. Vivyo hivyo, diski iliyosakinishwa kwa UEFI (hali mpya ya kuwasha) haitaanza BIOS ikiwa imerudi kwenye hali ya zamani ya Legacy. Kupiga picha kila ukurasa wa BIOS kabla ya kuanza kazi kunamaliza tatizo hili kabla halijazaliwa. Rekebisha pia tarehe, maana saa iliyorudi nyuma miaka mingi huzifanya tovuti nyingi zikatae kufunguka.

Ombi la ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48 ni jambo zito zaidi. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, mfumo wa Windows wa kuficha data, hutunza siri yake kwenye TPM (sehemu ya usalama ya kutunzia funguo), na kwenye kompyuta nyingi za AM4 TPM hiyo inategemea prosesa. Baada ya kubadilisha, ubao huonyesha ujumbe kwamba kuna prosesa mpya na kuuliza kama fTPM, yaani TPM hiyo ya prosesa, ifutwe. Ukibonyeza Y, funguo zinafutwa, na bila ule ufunguo wa tarakimu 48 data yako haifunguki. Ukibonyeza N, kumbukumbu ya awali inabaki, na unaweza kuirudisha prosesa ya zamani, ukaingia Windows, ukasimamisha BitLocker, ndipo ukabadilisha tena. Asiye na ufunguo abonyeze N. Hakuna fundi anayeweza kuifungua diski hiyo bila ufunguo, na anayedai anaweza asilipwe malipo ya awali.

Kila ukiwasha unaona ujumbe kuhusu feni

Dalili hii ni ya kompyuta za ofisini zenye plagi za feni zisizo za kawaida. Ubao unatarajia feni yake yenyewe, wakati mwingine yenye nyaya tano, na hauridhiki na nyingine hata ikizunguka vizuri. Njia salama ni kurudisha hitisinki ya awali kama wati za prosesa mpya zinairuhusu, au kutafuta hitisinki iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo hiyo na prosesa kubwa. Kubadilisha mpangilio wa nyaya kwa kukisia kunaweza kuunguza kidhibiti cha feni.

Kila kitu kinafanya kazi, lakini kasi ni ile ile

Fungua kidirisha cha utendaji kwenye Windows, au lscpu kwenye Linux, na usome idadi ya viini (core) vya prosesa na kasi yake wakati wa kazi. Viini vikipungua, angalia kikomo cha idadi ya prosesa kwenye msconfig na mpangilio wa viini ndani ya BIOS. Kasi ikibaki karibu na MHz 800 hata kazi ikiwa nzito, ubao unajikinga dhidi ya joto la saketi ya umeme, au mpango wa umeme wa Windows umewekwa kwenye kuokoa nishati. Ulipofuta BIOS, RAM ya DDR4 iliyokuwa ikikimbia MHz 3200 huenda imerudi 2133, na Ryzen huliona pengo hilo.

Jina lisipolingana na ulilolipia, au juu ya prosesa kukiwa na maneno INTEL CONFIDENTIAL, umeuziwa sampuli ya majaribio ambayo huenda ina kasi na tabia tofauti na bidhaa kamili. Programu ya CPU-Z huonyesha jina la kweli hata kama maandishi ya juu yamekwanguliwa na kuandikwa upya.

Na ikiwa yote ni sahihi na bado Windows inachukua dakika tatu kufunguka, prosesa haikuwa mgonjwa. Diski ya kuzunguka ndiyo inayosubiriwa, na SSD ya SATA ingeleta tofauti kubwa zaidi kuliko hatua ya kutoka i5 kwenda i7 ya kizazi kile kile. Vilevile, i7 bora kuliko zote ya LGA 1155 haitaifanya mashine ikubalike rasmi kwa Windows 11, ambayo kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane.

Mahali pa kusimama

Chomoa umeme na usiwashe tena ukinusa harufu ya kuungua, ukiona moshi, ukikuta plagi ya volti 12 imeyeyuka au kubadilika rangi, au swichi kuu ya nyumba ikianguka kila unapowasha. Simama pia pini za soketi zikiwa zimekatika, BIOS ikiwa imekufa katikati ya kusasishwa, au diski iliyofungwa ikiwa na data isiyo na nakala nyingine.

Fundi hupunguza nusu ya kazi yake ukimpelekea prosesa zote mbili, jina kamili la ubao na namba yake ya marekebisho, toleo la BIOS, na orodha ya uliyokwisha kujaribu. Muulize bei ya kubadilisha soketi kabla hajaanza, kwa sababu kwa ubao wa zamani kazi hiyo huweza kuzidi bei ya ubao mwingine uliotumika wa modeli ile ile, na ubao huo mwingine utaipokea prosesa yako, RAM yako na mara nyingi hata Windows yako, mradi tu uikague soketi yake kabla ya kulipa.